Hadi Diski Iliyolazwa na Migebuka

Ijumaa, 3 Novemba 2017

Umeme umerudi. Heri usingerudi.

Siku mbili tulikaa gizani, nikashukuru, angalau redio ya jirani ilinyamaza. Leo baada ya sala ya Ijumaa nimo jikoni napara samaki, kuhe, mara taa ya ukumbini ikawaka nyeupe — nyeupe kama jua la adhuhuri! — ikapasuka. Feni ikazunguka kama imeona jini. Chumba cha mbele, dukani kwa Ismaili, pakasikika pwaa! Halafu harufu.

Ismaili mwanangu, mtu wa miaka arobaini na sita, alipiga ukelele kama anayezaa. Nimezalisha wengi mji huu, ukelele ule naujua. Nikaenda na kisu changu cha samaki mkononi. Moshi unatoka mgongoni mwa kompyuta. Kurwa, binti yake, ndiye anayewachapia watu barua na kuwapiga picha za pasipoti, amebeba ndoo ya maji. Thubutu! Umeme haumwagiwi maji. Mimi ambaye shule niliionja tu, ndiye niliyekwenda kuchomoa waya ukutani. Wenye vyeti wamesimama wanatazama.

Nilishasema. Umeme ukikatika, chomoeni kila kitu. Umeme ni kama mume mlevi, kuondoka kwake si neno, jihadhari na kurudi kwake. Nani ananisikiliza?

Jioni imeletwa barua ya mtaa. Kamati ya uhakiki wa wakazi. Kila mwenye asili ya ng'ambo ya ziwa alete karatasi kuonyesha mzazi wake alikuwepo hapa kabla ya uhuru. Jumatano ya tarehe 15, ofisi ya mtaa. Asiye na karatasi ataingizwa kwenye orodha ya wageni, na habari ya kitambulisho asahau.

Mimi! Mwavita binti Feruzi! Nimezaliwa Ujiji, nimeolewa Ujiji, nimezika mume Ujiji. Wageni ni wale wakimbizi wa kambini, wanaovuka mpaka na magodoro kichwani. Baba yangu hakukimbia mtu. Alikuja na msafara, na kanzu yake, na heshima yake.

Wala sina wasiwasi. Karatasi ya baba ipo, ile ya Wabelgiji yenye mhuri. Ismaili aliiingiza mwenyewe kwenye

Niliacha hapo nikaenda dukani kuuliza. Imo humo. Imo ndani ya hiyo iliyoungua.


Jumamosi, 4 Novemba

Sikulala. Niandike yote.

Karatasi ile ina pande mbili. Mbele waliandika Wabelgiji, zamani walipokuwa wameshika Kigoma baada ya kumfukuza Mjerumani. Kifaransa kitupu, na mhuri. Baba alikuwa akisema inaeleza kwamba yeye ni mtu wa Ujiji, basi. Nyuma aliandika baba mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Bismillahi, halafu majina yetu watoto wake, kila mmoja na siku aliyozaliwa. Mimi ni wa mwisho, wa uzeeni.

Mwaka juzi mchwa walikuwa wameigeuza chandarua. Ismaili akaipiga picha kwenye skana, akasema mama, sasa haitaoza mpaka kiyama. Nikabaki na vile vipande. Nifanye nini navyo? Vina jina la Mungu. Havitupwi jalalani, havifungiwi vitumbua. Kila mtu anajua karatasi za namna hiyo zinakwenda wapi. Madrasa walikuwa wanakusanya kurasa za misahafu zilizochakaa, wanazifunga shuka jeupe, wanatia jiwe, wanakwenda kuzizamisha ziwani penye kina. Nikatia na ya baba. Mkono wangu huu. Ismaili alisema, mama, si tuiache kabatini tu? Nikamkaripia mbele ya maalimu: unataka mende wale Bismillahi?

Basi iko chini ya Tanganyika, na hilo ziwa halina chini.

Ni kosa la Ismaili. Ndiye aliyesema haitaoza.

Leo kaletwa fundi Gervasi kutoka Mwanga. Kofia ya mpira, begi lenye zipu kumi, ukutani kwake ana vyeti vitatu. Akafungua kompyuta, akainusa kama mnunuzi wa mawese. Akasema ni pawa saplai, lile sanduku la kugawa umeme humo ndani, ndilo lililoungua. Akafunga nyingine. Ikawaka! Tukapiga makofi. Kisha kioo kikaandika Kizungu cheupe juu ya weusi na kikakaa hivyo hivyo. Kurwa kasema inasema haioni hadi diski, yaani ule mfuko wake wa kumbukumbu, mnamokaa kila kitu.

Gervasi akasema, "Tatizo dogo, Bibi. Napiga window mpya."

Nikamuuliza, ukipiga hiyo window, karatasi ya baba yangu itakuwepo?

Akacheka! "Bibi, ukipiga window mpya vya zamani vinafutika vyote. Inakuwa safi kama imetoka dukani."

Nikamwambia na wewe utatoka dukani sasa hivi. Hata kofia aliisahau.


Jumatatu, 6 Novemba

Gervasi karudi, kaifuata kofia. Na wazo. Amesoma kwenye simu kwamba hadi diski iliyozimia inawekwa kwenye friza siku nzima, inashtuka, inaamka.

Nikasema mtu anayezimia humwagiwa maji, halazwi barafuni, huko hulazwa aliyekwisha kufa. Ismaili akasema, mama, acha wataalamu wafanye kazi. Haya. Wakaichomoa, kitu chenyewe kidogo kama kitabu cha sala, wakaifunga mifuko mitatu ya nailoni. Friza ni yangu, imejaa samaki, migebuka ya Jumapili. Ikalazwa katikati yao.

Kurwa kaungama leo kwamba alikuwa na nakala kwenye flashi. Nikainuka kitini. Ikawa wapi? Akasema aliifuta ili aweke nyimbo za harusi ya shoga yake. Nimempa sufuria zote azisugue mpaka zing'ae.


Jumanne, 7 Novemba

Imetolewa. Imetoa jasho, inanuka mgebuka. Wakaichomeka. Hakuna kitu.

Nikawafukuza wote pembeni, nikaiweka sikioni kama ninavyosikiliza tumbo la mja mzito. Tumbo lenye uhai lina sauti, hata mama akilala. Humu kimya. Wala haizunguki, wala haitetemeki. Nikamwambia Gervasi, hii haipumui, wewe unataka kuipigia window.

Akasema labda haikuganda vizuri.

Migebuka imeganda vizuri, nikamwambia, mbona haijaamka hata mmoja?

Kaondoka na kofia yake.


Alhamisi, 9 Novemba

Nimekwenda ofisi ya mtaa kwa miguu yangu. Mtendaji wetu ni Nikodemu, Muha wa Kasulu, alifika hapa miaka sita iliyopita na begi moja na mke mwenye mimba. Mtoto wake Agape nilimpokea mimi, ukumbini kwangu, siku ya mvua ambayo hata bodaboda zilikataa kwenda hospitali. Mikono hii.

"Shikamoo, mama yangu!" Akanipa kiti. Akaniulizia mgongo. Kisha akafungua kaunta buku, akalamba kidole.

"Ulizaliwa wapi, mama?"

Nikamtazama.

"Lazima niulize, mama. Ndiyo fomu."

Nikamwambia nilizaliwa Ujiji kabla baba yako hajajua kufunga kaptura. Na wewe ulizaliwa wapi? Mbona wewe huulizwi?

"Mimi asili yangu si ng'ambo."

"Wapi mbali zaidi, Kasulu na Ujiji, au Ujiji na ziwa?"

Mzee Dismasi mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa. Nikodemu hakucheka. Akasema mama, mimi sina shida na wewe, nikikuandika bila karatasi wataniondoa mimi, aje mwingine ambaye hukumzalishia. Hapo alisema kweli. Akasema na ushahidi wa majirani hautoshi, maana kila mtu ana majirani, hata wakimbizi wana majirani.

Mezani kwake kuna kompyuta. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Nikauliza, na hiyo? Akasema haijawaka tangu ilipoletwa, mama, miaka mitatu. Inasubiri fundi wa wilaya.

Nimerudi nimekunywa chai bila sukari. Sukari ipo. Nilisahau kuitia.


Ijumaa, 10 Novemba

Skolastika muuza chapati anasema kuna Mrundi anatengeneza redio huko Rusimbi, kajibanza chini ya ngazi za nyumba ya mtu. Ametengeneza simu ya Skolastika iliyoanguka kwenye mchuzi. Nikasema mimi sipeleki jina la baba yangu kwa mkimbizi. Skolastika kageuza chapati, kasema haya, peleka kwa Gervasi ikagande tena.

Nimekwenda. Mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka lina makali. Anaitwa Havyarimana. Najua maana yake, Kirundi na Kiha ni ndugu: Mungu ndiye azaaye. Nikamwambia basi mimi miaka arobaini nilikuwa nafanya nini?

Akasema, "Ulikuwa unapokea, Bibi."

Ana mdomo. Nikamuuliza ana kibali cha kutoka kambini. Akasema alikuwa nacho. Cha siku kumi na nne. Nikamuuliza siku hizo kumi na nne ziliisha lini. Akasema zamani kidogo. Mke wake Vénérande na mtoto wako huko bado, akikamatwa mjini hajui atapelekwa wapi, labda mahakamani, labda mpakani.

Nikamgombeza. Nyinyi watu hamjui sheria, mnapewa hema mnataka ghorofa, mnapewa siku kumi na nne mnakaa mwaka. Akasikiliza kichwa chini mpaka nikamaliza. Ikabidi nimalize, pumzi ilikwisha.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete nione, Bibi." Akainusa. "Kwa nini inanuka samaki?"


Jumapili, 12 Novemba

Nimemleta nyumbani, kaingia kwa mlango wa uani. Nimekaa naye asubuhi yote kuona hachukui kitu. Anafanya kazi kama watu wazima: kwanza anatazama, halafu anauliza, halafu anashika. Gervasi alianza kwa kushika.

Kaniuliza: umeme ulirudi mara moja au kwa kubabaika? Taa zingine zilipasuka? Kompyuta ilikuwa imewashwa? Ilipochomekwa tena ilitoa hata mlio mdogo, tik tik? Nikajibu yote, mimi, si Ismaili. Nikamwambia ilikuwa kimya kama kaburi. Akafurahi! Akasema Bibi, kimya ni afadhali. Ingekuwa inagonga tik tik, yale masahani yanayozunguka ndani yangekuwa yameumia. Kimya maana yake wazi ni kwamba umeme umeishia mlangoni.

Akaigeuza, akanionyesha tumboni kuna kibao cha kijani. Huo ndio mlango. Pembeni kuna kidude kidogo kama punje ya ulezi, kazi yake umeme mwingi ukija kijitupe mbele kife chenyewe. Kimekufa. Mara nyingine, anasema, ukikiondoa inaamka. Akakiondoa na kibanio. Akachomeka. Hakuna.

Basi kibao chenyewe kimeungua, akasema. Masahani ni mazima, karatasi ya baba imo, ila mlango haufunguki. Kinatakiwa kibao cha hadi diski nyingine. Si yoyote. Kampuni moja, namba moja, kiwanda kimoja, ikiwezekana zilizotoka siku moja. Pacha wake.

Sote tukamtazama Kurwa. Doto wake yuko Tabora.

"Hata pacha hatoshi," akasema Havyarimana. Kuna kipande kidogo chenye miguu minane kwenye kibao cha zamani, hicho kinajua tabia za diski hii peke yake. Kitatolewa kwa msumari wa moto wa kulehemu kihamishiwe kwenye kibao cha pacha. Hilo nikalielewa upesi kuliko Ismaili. Pacha wanafanana sura, kila mmoja na roho yake.

Kala kwetu. Ugali, sombe la kisamvu, migebuka ileile. Kaosha sahani yake mwenyewe. Ismaili hajawahi.


Jumatatu, 13 Novemba

Ismaili kazunguka Kigoma mjini, Mwanga, mpaka kwa Mhindi wa sokoni. Hakuna yenye namba hiyo. Gervasi kasema anazo, kaleta mezani tatu, zote si zenyewe. Havyarimana kampigia simu mtu wa Kidahwe mwenye makorokoro. Hana.

Saa kumi Kurwa anakata picha za pasipoti, kasimama na mkasi hewani. Kasema: Bibi, siku ile yule tajiri aliyetuuzia kompyuta alishusha ngapi? Mbili. Gari moja, maboksi mawili yanayofanana, moja letu, moja la—

La ofisi ya mtaa. Lile lililovaa kitambaa.

Nimecheka mpaka Ismaili kaja kuona kama nimepatwa.

Nimekwenda kwa Nikodemu kabla hajafunga. Nikasema nina fundi, atakuwashia kompyuta yako bure, nami nitaazima kibao chake saa moja nitoe karatasi mnayoitaka. Macho yakamng'aa, maana mkaguzi anakuja Desemba. Akasema sawa, mama, ila hiyo ni mali ya serikali, haivuki kizingiti. Kazi ifanyike humu humu, mbele yangu. Fundi ni nani?

Nikasema mpwa wangu wa Kalinzi.

Ulimi ulisema kabla sijauuliza.


Jumanne, 14 Novemba

Havyarimana kakataa. Kasema Bibi, unataka nitembee mwenyewe mpaka mezani kwa mtendaji?

Nikamwambia Waha wa Kalinzi na nyinyi mnapishana maneno matano. Sema machache. Ukiulizwa habari za huko, sema kahawa mwaka huu mbaya. Kila mwaka wanasema hivyo.

Akasema baba yake naye alikuwa na karatasi, ya shamba, huko Makamba. Waliikuta imeungua na nyumba. Nimemtilia chai mara ya pili.

Akasema, "Nitakuja."

Nilitaka kumwambia asante. Nikamwambia avae kandambili za Ismaili, viatu vyake vya kambini vinamtangaza.


Jumatano, 15 Novemba

Naandika kwenye benchi la ofisi ya mtaa. Kamati inakaa saa nane. Sasa ni saa tatu na nusu asubuhi.

Tumeingia. Nikodemu kamsalimu kwa Kiha. Havyarimana kaitikia. Nikodemu kainua kichwa: "Kiha chako kina mlima ndani yake."

Nikadakia, Kalinzi ni mlimani, ulitaka kiwe na nini, dagaa?

Kacheka. Kauliza kahawa. Mbaya mwaka huu, kasema Havyarimana. "Kila mwaka," kasema Nikodemu, na hapo nikapumua.

Wameondoa maua, wameondoa kitambaa. Havyarimana kachungulia nyuma ya kompyuta, kisha kaangalia chini ya meza. Waya wa umeme uko kwenye boksi lake, umefungwa nailoni ya kiwandani. Miaka mitatu! Hakuna aliyeuchomeka! Wanasubiri fundi wa wilaya!

Kauchomeka. Imewaka. Nikodemu kapiga makofi kama yeye ndiye aliyeiumba. Mzee Dismasi kaja kakishika kioo kwa kiganja, kasema ina joto.

Nimekohoa sana ili nisicheke.


Bado Jumatano, saa tano na robo

Kaifungua. Hadi diski yake na yetu, namba zinafanana zote mpaka ya mwisho. Pacha!

Msumari wake wa kulehemu kauchomeka kwenye jiko la makaa la mama wa chai hapo nje, maana anasema umeme wa leo hauamini. Nimemshikia tochi. Miguu minane, mmoja mmoja, midogo kuliko ya mbu. Jasho linamtiririka, nikamfuta kwa kanga. Nimezalisha mtoto aliyetanguliza miguu, sikutetemeka. Leo tochi nimeishika kwa mikono miwili.

Kakifunga kibao cha serikali kwenye diski yetu. Kachomeka. Kaniita, "Sikiliza wewe, Bibi."

Nikaweka sikio. Inazunguka. Vvvvv, laini, kama paka.

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi rabbil alamina.


Bado Jumatano, saa saba kasoro

Yametokea mengi, niandike haraka.

Mafaili yakaonekana. Kurwa kaja mbio, kajua kaliweka wapi. Nikodemu alikuwa ametoka kwenda kuazima viti vya kamati. Picha ikafunguka: nyuma kwanza. Mwandiko wa baba! Nikausoma mwenyewe, herufi za chuoni sijazisahau. Mwavita, Ujiji, Jumatatu, mwezi wa Rajabu. Nimelia kidogo. Basi.

Halafu mbele. Mhuri upo, mwaka upo, 1919. Kifaransa. Havyarimana alikisoma shule. Nikasema nisomee, upesi. Kasoma kimoyomoyo, kaacha kutazama kioo. Nikasema una nini? Kasoma kwa sauti ya chini:

Aitwaye Feruzi, mpagazi. Mkimbizi. Anaruhusiwa kukaa Ujiji.

Nikasema soma tena, umekosea. Kasoma tena. Nikasema hilo la katikati. Kasema, Bibi, ndivyo walivyoandika. Walikuwa wanatoroka kubebeshwa mizigo ya vita.

Kurwa kanitazama. Nikamwambia tazama kazi yako.

Kanzu. Msafara. Miaka sabini nimewaambia watu. Havyarimana kaanza kukunja waya. Angesema lolote ningempiga kandambili.

Nikodemu karudi na viti. Kuona mhuri akaruka: "Mama, umepona! Si nilikuambia?" Hajaniambia kitu. Nikamwonyesha nyuma, jina langu. Kasema nyuma kila mtu anaweza kuandika, mama, mbele ndiko kwenye serikali. Sasa mbele kunasemaje? Lazima isomwe mbele ya kamati, na msomaji aandike jina lake, anapokaa na namba ya kitambulisho, aweke saini. "Nani amekusomea?"

Nikawaza, mtu wa Kalinzi, mkulima wa kahawa, Kifaransa kakitoa wapi?

Havyarimana alikuwa anakunja waya. Kaacha. Nikaona kifua kinapanda, anataka kufungua mdomo. Kweli alitaka! Kasema, "Mzee, mimi—"

"Wewe kunja waya," nikamwambia. Na kwa Nikodemu nikasema: nitaisoma mwenyewe.

"Kifaransa, mama?"

"Baba yangu alikisikia kwa miaka mingapi? Unadhani nyumbani tulikuwa tunabweka?"

Kakuna kichwa. Kasema haya, mradi isomwe. Kamfuata Mzee Dismasi na wajumbe wawili.


Saa saba na nusu

Nimeambiwa na Havyarimana aondoke. Hapana, nimemwambia mimi aondoke, kalamu inakimbia. Hataki. Kasema mpaka kibao cha serikali kirudi kwenye diski yake, kazi haijaisha. Na kasema nitahitaji mwalimu.

Ananisomesha kama chuoni, anatangulia nafuatisha. Nilihifadhi juzuu amma nzima nikiwa na miaka tisa, sikujua maana ya neno hata moja, na sikukosea herufi. Karatasi moja ya Wabelgiji itanishinda? Nimeandika hapa nisikiavyo:

Lenome Feruzi. Porteri. Refujie. Etotorize arezide Ujiji.

Tena. Lenome Feruzi. Porteri.

Kasema kwa sauti ndogo, lile la tatu, la ukimbizi, unaweza kuliruka, Bibi. Hakuna atakayejua humu.

Kweli. Nani atajua? Dismasi? Anayeshika kioo kuona kama kina homa?

Nikamuuliza, nikiliruka maana inabaki?

Kafikiri. Kasema inabaki, ila haisemi kwa nini walimruhusu. Basi hatuliruki.

Porteri si tabu. Etotorize imekaa. Refujie ndiyo, ile R yao inatoka kooni, ulimi wangu haujazoea. Havyarimana kanirudisha mara tano. Kasema usiisukume, Bibi, iachie itoke. Kurwa anachapa, karatasi inatoka polepole kwenye printa aliyoileta kutoka dukani, kichwa cha mhuri kimeshaonekana.

Viti vinaburutwa. Wameingia. Nikodemu kanifutia kiti kwa kile kitambaa cha kufuma. Havyarimana kainama nyuma ya kompyuta, anafunga skrubu moja hiyo hiyo tangu walipoingia. Mzee Dismasi kavua kofia, kasema haya mama Mwavita, usiwe na haraka, sisi tunasikiliza, neno kwa neno